Fisi Alivyomchora Pimbi

Masikio mnayo?
—Tunayo!
Midomo je?
—Tumeifunga!
Wewe unayetafuna muwa, meza kwanza. Haya.

Palikuwa na kisima kimoja tu, wanyama wote wakinywa hapo, mpaka Fisi alipokitaka kiwe chake peke yake. Awafukuze wote? Wako wengi. Akaona aanze na Pimbi, mdogo kuliko wote, aliyeishi kwenye mawe ya kisima na watoto wake watatu.

Fisi akachukua mkaa, akachora kwenye jiwe, kra kra kra! Mnyama wa kutisha, meno nje, mgongo umeshuka nyuma, anameza kisima kizima. Akaita wanyama wenzake.

"Huyu ndiye Pimbi! Si jirani huyu, ni kupe. Kupe hufanywaje?"

"Hupondwa!"

"Na sisi ni nani?"

"Sisi ndio sisi!"

Na Swala naye alikuwamo, ambaye juzi tu Pimbi alimlelea mwanawe. Wakaja kwenye mawe ya Pimbi, tifu tifu tifu, "Kupe atoke!"

Pimbi akawasukuma wanawe nyuma yake. Kiangazi hiki awapeleke wapi watoto watatu? Akachungulia, akaiona ile picha. He! Ina mkia. Na Pimbi, mnamjua, mkia hana hata wa kuazima. Fisi hakuwahi kumtazama sawasawa. Alichora huku akiinamia maji, na majini alijiona mwenyewe.

Pimbi akaruka juu ya jiwe, akapaza sauti kuwashinda wote.

"Mzee Fisi kasema kweli! Mnyama huyu ni hatari, tumtoe leo leo! Tukague. Mkia!"

Akageuka. Hana.

"Si yeye!" wakashangilia.

Akapita Swala. Meno ya nje? Hana. "Si yeye!" Akapita Kima. Mgongo ulioshuka nyuma? Hana. "Si yeye!" Fisi ndiye aliyeshangilia kuliko wote, mpaka zamu yake ikafika.

"Meno?"

"Anayo!"

"Mgongo?"

"Umeshuka!"

"Mkia?"

"Ule pale!"

"Jamani," akasema Fisi, "hiyo si picha tu?"

"Mbona ulipoichora hukusema ni picha tu?" akauliza Pimbi.

Wakamtimua, tifu tifu tifu, na hata leo hajageuka nyuma.

Wakarudi wanahema, macho yanawaka. Kima akauliza, "Enhe, na kesho tunamtoa nani?"

 Pimbi akachota maji, akaimwagia ile picha, chwaa, akasugua mpaka jiwe likawa jiwe.

Hadithi nimeitua, mwenye kiu akanywe. Funzo? Ukitaka kumchafua jirani yako, mwanangu, usikimbilie mkaa. Jifunze kuchora kwanza.