Chungu cha Kumi cha Namkunda

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana tunakwenda kale, kale iliyozaa kale, wakati ukoo wetu ulikaa juu kabisa kwenye milima ya Upare.

Huko aliishi mfinyanzi, mwanamke aitwaye Namkunda. Msidhani alikuwa hodari wa kila jambo. Ugali wake ulikuwa na madonge, na uwanja wake haukujua fagio. Cheka tu, Mbonea, hata mumewe alicheka. Lakini kwenye vyungu hakuwa na mchezo. Alikanda udongo, akauacha. Akaukanda tena, akauacha. Chungu kikitoka motoni na kupoa, alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kikilia ngo, ngo, alikitoa kwa watu. Kikilia pu, kama boga bovu, alikivunja, akakisaga, akauchanganya unga wake na udongo mpya.

Basi chemchemi zikakauka. Likabaki shimo moja la maji, nalo likipungua kila siku. Mto ulikuwa mwendo wa siku nne, ng'ambo ya nyika kavu. Mzee Senkoro, mkuu wa ukoo, akaamua wote wahamie huko, akaagiza vyungu kumi vya maji ya safari.

Siku ya kuondoka, vyungu vilipotoka motoni na kupoa, Namkunda akagonga. Ngo, ngo. Akagonga. Ngo, ngo. Vyungu tisa vikalia hivyo. Akagonga cha kumi. Pu.

"Kinavuja wapi?" akauliza Senkoro.

"Bado hakijavuja, baba."

"Basi ni kizima."

"Ni kizima hapa. Kitapasuka nyikani, na hiki ndicho ulichowatengea wanaonyonyesha. Nipe siku kumi nifinyange kingine."

"Shimo halina siku kumi. Na wewe, mwenye ugali wa madonge, umeanza lini kuchagua hivi?"

"Ugali wangu ukiharibika, baba, mnalala njaa mara moja tu."

Akakiinua akivunje, kama desturi yake. Mkono ukagoma. Akikivunja, kina mama hawana maji. Akinyamaza, yatamwagika mchangani. Mngefanyaje, wajukuu? Namkunda alikishusha, akawaita watu wote.

"Sikieni. Hiki nimekifinyanga vibaya, mimi mwenyewe. Kina ufa ndani. Nitakibeba mimi, na sote tutakunywa hiki kwanza, kingali na nguvu. Vile tisa visiguswe mpaka hiki kiishe, kisha kimojawapo kiwe cha wanaonyonyesha."

Mwaona ni jambo dogo? Fundi kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema, kazi yangu hii ni mbovu. Watu wakaguna. Lakini wakatii.

Siku ya kwanza wakanywa. Asubuhi ya pili wakanywa, wakakimaliza. Jua lilipofika utosini, chungu kikapasuka vipande viwili kichwani pa Namkunda. Halikumwagika hata tone.

Vile tisa vikafika mtoni. Na mgongoni mwa mama mmoja alifika mtoto mchanga wa kike, akiwa hai. Huyo ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu.

Kwa hiyo, wanangu, kipendeni kitu kimoja mpaka msiweze kukifanya ovyo. Na mkikosea, semeni mapema, wenzenu wangali na nafasi ya kujiokoa.

Namkunda, sisi tulio hapa tunakushukuru. Semeni nanyi: tunakushukuru.

Kisa kimetua mzigo wake. Nendeni mkanywe maji.