Watoto wa Bwana Shebughe

Mwantumu, mkandaji unga katika kiwanda cha mikate cha Bwana Shebughe, aliomba likizo ya uzazi wakati tumbo limeshamtangulia mlangoni. Bosi akacheka mpaka kitambi kikatikisika, kisha akawageukia wafanyakazi wote tisa.

"Likizo ni ya walioajiriwa! Leo afisa kazi anakuja kutukagua. Mtamwambia ninyi ni wanangu, mnanisaidia tu. Atakayebisha asirudi kesho."

"Sawa, baba," Mwantumu akajibu papo hapo. "Ila mgeni wa serikali haachwi koo kavu. Nikamwombe mama nyumbani kwako amletee chai?"

"Umeanza kupata akili!"

Afisa kazi akaja, akauliza nani ameajiriwa pale. Mwantumu alingoja mpaka mlango ukasukumwa, ndipo akapaza sauti:

"Hakuna! Sote tisa ni watoto wa Bwana Shebughe, damu yake kabisa!"

Birika likaanguka sakafuni. Mke wa bosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Tisa? Umezaa na nani, mzee usiye na haya?" Akavua kandambili.

"Si wanangu!" bosi akalia, akijibanza nyuma ya afisa. "Ni wafanyakazi! Wote nimewaajiri mimi, wallahi!"

Afisa akaandika.

Mwantumu akajishika kiuno. "Basi, bosi, likizo yangu naianza leo au kesho?"