Jasho la Kiboko na Makasha Mia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

PAKAWAAA!

Haya, sasa nimejua mmekula. Hapo zamani za kale, si kale mno, maana simu zilikuwepo na chaji ilikuwa inaisha vilevile, palikuwa na Kiboko. Kiboko huyu tumbo lake lilifika mahali kabla yake, likasalimia watu, likakaribishwa kiti, ndipo mwenyewe akatokea.

Siku moja Kiboko akajenga kituo cha data kando ya kijito. Kituo cha data ni nini? Ni nyumba ya makasha ya chuma. Una kitu hutaki kukisahau, unakipeleka kule, kasha linakukumbukia, na wewe kichwa unabaki nacho cha kuvalia kofia.

Twiga akaleta picha zake, elfu nne, zote za shingo. Fisi akaleta vicheko vyake, asije akasahau kucheka. Kiboko naye akatia hati moja ndani ya kasha namba moja.

"Imeandikwa humo kwamba kijito ni changu," akasema.

Nani aliisoma? Kasha.

Makasha yakaunguruma: nguuuuu! Yakapata moto. Kiboko akachimba mfereji, kijito chote kikaingia kituoni kuyapoza: shwaaa! Wanyama wakabaki wanalamba tope.

Twiga akaja. "Mzee Kiboko, maji kidogo."

"Kumbukumbu kwanza, koo baadaye!"

Fisi akaja. "Mzee Kiboko, hata tone."

"Kumbukumbu kwanza, koo baadaye!"

Akaja Pimbi. Pimbi ni mnyama wa mawe, ukubwa wake sungura, mkia hana, lakini maneno anayo ya mikia saba. Nyumbani ameacha watoto watano, ulimi wa kila mmoja umekauka kama soli ya kiatu.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kumbukumbu kwanza, koo baa..."

"Nani kaomba maji? Mimi nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Una makasha mangapi?"

"Thelathini."

"Kwa nini si mia?"

Kiboko akanuna. "Sabini yapo stoo. Kijito hakitoshi kupoza yote."

"Ndiyo maana nakupa pole! Wakubwa wenzako ng'ambo ya mlima wameacha maji. Maji ni mambo ya bibi zetu. Siku hizi wanapoza kwa jasho."

"Jasho la nani?"

"La mwenye kituo! Na lako wewe, bosi, ni jekundu, zito, linateleza. Tone moja linapoza kasha wiki nzima. Umeukalia utajiri huo, wala hujui!"

Kiboko akalitazama tumbo lake kwa heshima mpya. Akajikamua: mmmh! Wapi. Akajikamua tena: mmmmmh! Likatoka jambo jingine, si jasho. Pimbi akageuka pembeni, akakohoa kwa adabu.

"Halitoki kwa sababu umelowa, bosi. Kwanza, rudisha kijito kipite kule mbali. Pili, zunguka kituo mbio, juani. Mzunguko mmoja, kasha moja."

"Na makasha mia?"

"Hesabu mwenyewe. Mimi shule niliishia getini."

Kiboko akabeba mawe kwa meno yake mwenyewe, akauziba mfereji. Kijito kikarudi njia yake: shwaaa! Akawasha makasha sabini ya stoo: nguuuuuuu! Akaanza mbio. Gidi! Gidi! Gidi! Jasho nalo: to! To! To!

Pimbi alikuwa amejilaza juu ya paa lenye joto, anasimamia kazi.

"Kasha la tatu linakupongeza, bosi! Kasha la saba linasikia baridi, linaomba blanketi!"

Kiboko akafurahi, akaongeza mwendo. Gidigidigidi!

Huku nyuma wanyama wanakunywa tu. Watoto wa Pimbi walikunywa mpaka wakaanza kusikika wakitembea: chwa, chwa, chwa. Twiga alikunywa, maji yakachelewa kufika tumboni, akadhani hajanywa, akaanza upya.

Mzunguko wa arobaini na moja, Kiboko akaanguka: puuu! Na makasha yakasema: nguuu... nguu... ngu... ti! Moshi.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Maji! Nipeni maji yangu! Kijito ni changu!"

"Kwa hati gani, bosi?" akauliza Pimbi.

"Ipo kasha namba moja!"

Wakalifungua. Ndani mlikuwa na harufu ya muhogo ulioungua, basi.

"Iliandikwa..." akaanza Kiboko. "Iliandikwa kwamba... Iliandikwa na nani vile?" Hakukumbuka. Kazi ya kukumbuka aliliachia kasha, na kasha limekwenda zake.

Pimbi akamshika bega, yaani alipofikia, goti.

"Koo kwanza, mzee. Kumbukumbu baadaye. Foleni ya kijitoni inaishia kule, nyuma ya Fisi."

Fisi alikuwa amesimama kimya, kahuzunika, hakumbuki kicheko kinaanzaje. Alipogeuka akamwona Kiboko amepanga foleni, anahema, kibuyu mkononi, kicheko kikarudi chenyewe. Mpaka leo hajamaliza.

Fundisho la ngano hii, watoto wangu, na nyie watu wazima mnaojifanya mnasindikiza watoto: msifanye kazi kwa bidii! Kiboko alitoka jasho siku moja tu maishani mwake, mmeona yaliyompata.

Yangu yameishia hapo. Mwenye kiu akanywe. Aliyesahau nilipoanzia asiniulize mimi, akaulize kasha.