Kasha la Kiboko na Kasha la Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, maana barafu ilikwishaanza kuuzwa ziwani, wanyama walikuwa wavuvi. Walikuwa na nyumba, nyavu, mitumbwi, madeni na maneno kama sisi.

Katika mwalo mmoja, mahali pa kupakulia samaki, alikaa Nguchiro, mjane mwenye mtumbwi mwembamba na mkia mrefu. Alivua usiku kucha, na asubuhi mtumbwi ulijaa sato wanene. Lakini soko lilikuwa ng'ambo ya ghuba, safari ya kutwa nzima, na jua la ziwani halina huruma. Samaki akitoka majini asubuhi, jioni ananuka.

Kwa hiyo Nguchiro na wavuvi wenzake wadogo walimuuzia Kiboko papo hapo ufukoni. Kiboko alikuwa na banda lenye kivuli na tumbo lisilo na aibu. Akimwinua samaki mzima anayepiga mkia hadi puani, anasema:

"Huyu anaanza kuharibika."

"Bwana Mkubwa, bado anapumua," Nguchiro anajibu.

"Anapumua, ndiyo, lakini kwa harufu."

Na Fisi, msifu wake, anadakia: "Pua ya Bwana Mkubwa haikosei."

Basi wanauza kwa bei ya samaki aliyeoza.

Siku moja habari zikaja kwamba Mama Tembo wa ng'ambo anamwoza binti yake. Anataka samaki wabichi wa arusi, na atakayemletea waliokaa vizuri ndiye atakayemuuzia samaki siku zote. Wavuvi wadogo wakatazamana. Wote waliwaza kitu kimoja: laiti tungekuwa na kasha la barafu.

Wakachanga dagaa wakavu wawe malipo, gunia juu ya gunia, wakatuma ujumbe kwa Kakakuona, fundi wa makasha. Kakakuona akaja taratibu na mkokoteni wenye makasha mawili.

La kwanza lilikuwa la buluu, lenye bawaba za rangi ya dhahabu, kioo cha kujitazamia juu ya kifuniko, na magurudumu manne. La pili lilikuwa la kijivu, pana, zito, halina hata ua moja. Vishikio vyake vilikuwa vya kamba.

Kiboko alikuwa bado amelala majini, pua tu juu. Nguchiro akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akagonga kasha la buluu. Ngo, ngo, likalia kama debe tupu. Akagonga la kijivu. Du. Sauti ikafia humo humo.

"Kuta zake zina nini?" akauliza.

"Povu gumu," akasema Kakakuona, "nene kama kiganja cha nyani. Hilo nimelitengeneza mwenyewe. La buluu nimelinunua mjini. Kuta zake ni kama chapati."

Nguchiro akabana jani la mgomba kwenye kifuniko cha buluu, akalivuta. Likatoka kirahisi kama ulimi wa mmbea. Akalibana kwenye la kijivu, lenye mpira kuzunguka mdomo wote. Akavuta, akavuta tena, jani likakatika. Akapanda juu ya kifuniko akaruka ruka, nacho hakikubonyea. Akachungulia chini, akaona tundu lenye kizibo cha kutolea maji. Mwisho akalipima upana kwa mkia wake, akakimbia hadi mtumbwini kupima kati ya viti viwili. Likatosha, na nafasi ya kukaa ikabaki.

"Fundi, nachukua la kijivu," akanong'ona.

Kabla Kakakuona hajajibu, maji yakapasuka, bwaa, Kiboko akatoka na Fisi nyuma yake.

"Nani ameruhusu kuuziana kwenye mwalo wangu?" akauliza Kiboko. "Hapa mimi ndiye ninayechagua kwanza."

Kakakuona alikuwa mtu wa kweli. Akafungua mdomo kumwambia lipi kasha zuri. "Bwana Mkubwa, kwa ushauri wangu..."

"Nani kakuomba ushauri?" Kiboko akafoka.

Kakakuona akajikunja akawa mpira wa magamba. Hivyo ndivyo wakali walivyo, wanangu. Huwafunga midomo hata wanaotaka kuwasaidia.

Nguchiro akafikiri haraka. Akalikumbatia kasha la buluu na kuweka shavu juu ya kioo. "Bwana Mkubwa, chukua lile la kijivu. Ni kubwa, linakufaa. Mimi mjane niachie hili dogo."

Kiboko akajiona kwenye kioo. Akageuza shingo upande, akajiona tena. "Hili ndilo langu," akasema.

Lakini Fisi hakuwa mjinga. Alikuwa mlafi tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Akamvuta bwana wake pembeni. "Huyu mwanamke akilia sana kwa kitu, ujue anataka kingine. Tujaribu kwanza. Tutie barafu na samaki mmoja katika kila kasha, tuyaweke juani mpaka jua lipinduke. Litakalohifadhi barafu ndilo lako."

Nguchiro alisikia yote. Jaribio la haki lingemmaliza. Hata hivyo uso wake ulibaki mkavu.

"Shauri jema," akasema. "Mimi mdogo, siwezi kulinda yote mawili. Bwana Mkubwa akae na lile la buluu, maana lina hadhi. Hili la kijivu alinde Fisi, kwa kuwa ndiye anayeaminika." Akachagua sato mnene kuliko wote, mwenye mayai tumboni, akamlaza polepole juu ya barafu huku Fisi akitazama. "Ila nakuomba, kaka Fisi, usifungue. Samaki wa namna hii akiguswa na barafu, mafuta humtoka yakaganda juu ya ngozi kama samli. Ukiona utapata tabu bure. Usifungue."

"Mimi?" akasema Fisi, akimeza mate. "Kwani mimi mtoto?"

Jua likawaka. Kiboko akaegemeza kidevu chake juu ya kasha la buluu akasinzia. Na kidevu cha Kiboko, wanangu, ni kizito kama jiwe la kusagia. Kilikikandamiza kifuniko kisipitishe hewa, na kichwa chake kikatupa kivuli kila upande. Kasha lile bovu halikuwahi kutunzwa vile.

Fisi akakaa kando ya la kijivu. Akakaa. Akatazama huku na huku. Akafungua kidogo, aone tu kama mafuta yameanza kuganda. Akafunga. Akafungua tena kunusa. Akafunga. Akafungua akalamba ubavu mmoja, kwa uchunguzi. Ubavu ukamwita mwenzake. Baada ya kichwa akasema moyoni kwamba mkia peke yake ni ushahidi mbaya, akaumeza nao. Kisha kiu ikamshika. Barafu ilikuwa na ladha ya samaki, basi akaitafuna, kruu kruu, hadi chembe ya mwisho.

Jua lilipopinduka, wavuvi wote wakakusanyika. Kiboko akaamka, akafungua kasha la buluu. Barafu ilikuwa imepungua, lakini ipo, na sato amelala juu yake.

"Na hilo?" akauliza Kiboko.

Fisi akafungua la kijivu. Ndani kulikuwa na maji kidogo tu.

"Barafu yote imeyeyuka, Bwana Mkubwa," akasema. "Sijapata kuona kasha bovu namna hii."

"Na samaki?"

Fisi akajifuta mdomo kwa mkono. "Naye ameyeyuka."

Kiboko akakunja uso. "Samaki huyeyuka?"

"Kwenye kasha bovu, huyeyuka."

"Na miiba?"

"Miiba ndiyo hutangulia, Bwana Mkubwa. Mtu wa akili kama wewe analijua hilo."

Kiboko akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelijua hilo tangu utotoni. "Ndiyo," akasema, "miiba hutangulia." Hakuna mvuvi aliyecheka. Walikuwa wamejifunza kucheka nyumbani.

Kiboko akalisukuma kasha la kijivu kwa mguu hadi miguuni kwa Nguchiro. "Chukua, mama. Utahifadhia mahindi."

Nguchiro akainama, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Wakubwa wakaenda zao wakiamini analia. Kakakuona akajikunjua pua tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unajua kuwa umepata lile..."

"Jikunje tena, fundi," akasema Nguchiro. "Bado hawajafika mbali."

Siku ya arusi ikakaribia. Nguchiro aliliweka kasha lake kivulini na vipande vya barafu ndani, lipoe kwanza kabla ya kazi. Asubuhi akalitoa maji kwa kizibo, akatandika barafu, akalaza samaki aliowatoa matumbo, akaweka barafu nyingine juu yao, samaki tena, barafu tena, mpaka likajaa. Akafunga. Akapiga kasia kuvuka ghuba, na jua lilipomuuma hakufungua hata mara moja kuchungulia. Alikuwa na wasiwasi, ndiyo. Akilini aliona samaki wa wenzake wote, tumaini la mwalo mzima, wakiwa chini ya kile kifuniko. Lakini mkono wake ulibaki kwenye kasia.

Kiboko naye aliondoka na mtumbwi wake mkubwa, Fisi akipiga kasia. Kila walipopita kijiji, Kiboko aliamuru wasimame.

"Mmeshaona kasha kama hili?" anauliza, akifungua kifuniko waone ndani. Watu wanasifu. Anajitazama kwenye kioo. Anafunga. Kijiji kinachofuata, vile vile. Tena alikuwa amewatupa samaki humo wazima wazima, na matumbo yao, juu ya barafu ya kuhesabika.

Wakafika nyumbani kwa Mama Tembo karibu wakati mmoja. Ngoma zilikuwa zinalia, masufuria yakisubiri mekoni. Kiboko akalivuta kasha lake kwa magurudumu, kre kre kre, katikati ya wageni.

"Fungua tuone," akasema Mama Tembo.

Kiboko akafungua. Mkonga wa Mama Tembo ukanyanyuka wenyewe na kwenda kujificha nyuma ya sikio. Bibi arusi akapiga chafya. Samaki walikuwa wanaelea tumbo juu katika maji ya uvuguvugu yenye rangi ya chai.

"Bwana Kiboko," akasema Mama Tembo, "nilikuomba samaki. Kumbe umeniletea mchuzi, na tena wa juzi."

Wageni wakacheka. Kiboko akafura mashavu. "Hilo ndilo kasha bora kuliko yote. La huyu Nguchiro huyeyusha samaki hadi miiba. Muulizeni Fisi."

"Fungua, binti," Mama Tembo akamwambia Nguchiro.

Nguchiro akainua kifuniko. Ukungu mweupe ukapanda. Sato walikuwa wamelala wamekakamaa, macho yao yanang'aa kama wametoka majini sasa hivi. Mama Tembo akashusha mkonga, akanusa, akasema neno moja tu kwa wapishi: "Bebeni."

Kisha akamwambia Nguchiro kwamba kuanzia siku ile samaki wa mwalo wake wote watakuja kwake moja kwa moja, bila kupitia banda la mtu.

Kiboko akageuka kumtafuta Fisi. Akaona miguu ya nyuma tu. Mengine yote yalikuwa ndani ya kasha la buluu, yakila.

"Fisi, wewe si uliniambia samaki ameyeyuka?"

Fisi akatoa kichwa, mchuzi ukimchuruzika kidevuni. "Nilikuambia, Bwana Mkubwa. Na wewe ukaniambia miiba hutangulia." Akarudisha kichwa ndani.

Kwa kukosa wa kumpigia kasia, Kiboko alirudi kwake kwa kuogelea. Wavuvi wadogo wakaagiza makasha mengine ya kijivu kwa Kakakuona, na banda la Kiboko likabaki na kivuli bila samaki. Njaa ilipomzidi akapanda nchi kavu kula majani, na anayala mpaka leo. Anatoka giza likiingia, asiulizwe.

Mkubwa akichaguliwa chombo na wamsifuo, kinachong'aa huwa chake, na kinachonuka pia.