Ndoto Mbili Angani

Wahenga hawakuwahi kufunga mkanda wa ndege, lakini walituachia methali inayofaa kubandikwa nyuma ya kila kiti: njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kwamba uongo hauchelewi kumwaibisha mwenyewe. Kisa hiki ni ushahidi tosha.

Muuza vipuri mmoja alitaka kumwoa binti wa dereva mstaafu wa malori. Ili kumlainisha mzee, alidai kwamba kila mwezi hupanda ndege kufuata mzigo mji wa ng'ambo ya mlima. Kwa kweli alikwenda kwa basi, magoti yakigusana na kidevu.

"Ndege huchukua muda gani?" mzee aliuliza.

Kijana alipiga hesabu kichwani. Basi hutumia saa kumi na mbili. Ndege ina mbio, basi iwe nusu.

"Saa sita, baba. Mimi hulala nikaota hata ndoto mbili."

Hakujua kwamba barabara ile huuzunguka mlima mzima kama nyoka aliyeshiba, ilhali ndege huuruka na kwenda zake.

"Vizuri," mzee alisema. "Kaka yangu anaishi huko, na bila neno lake sitoi binti. Twende wote. Mimi ndege huziona tumbo tu."

Siku ya safari, muuza vipuri alivua viatu na kuziba masikio kwa pamba, ati ndivyo wazoefu wafanyavyo. Rubani akatangaza muda wa safari. Kijana hakusikia, mzee naye, masikio yake yalikwisha kuliwa na injini za malori.

"Lala, baba. Safari bado mbichi."

Mzee, mtiifu kama mwanafunzi mgeni, alivua viatu, kisha meno ya bandia, akayafunga kwenye leso.

Hata juisi waliyopewa haijaisha, ndege ikainamisha pua. Kijana akatazama saa: dakika thelathini na tano. Kwa hesabu zake, ndege haikuwa inatua. Ilikuwa inaanguka.

"Baba, kabla hatujafa, nisamehe," alisema, na kwa sababu ya pamba, sauti yake ilifika mpaka kwa rubani. "Sijawahi kupanda ndege. Mimi ni mtu wa basi. Tena kiti cha nyuma."

Mhudumu aliinama, akamchomoa pamba sikioni. "Tunatua, kaka. Vaa viatu."

Magurudumu yaligusa lami taratibu. Mzee alirudisha meno yake kinywani bila haraka.

"Nimekula barabara maisha yangu yote," alisema. "Mtu wa basi ningempa binti asubuhi na mapema."

Mlangoni mwa uwanja wa ndege kaka yake alikuwa akisubiri, kanzu imenyooshwa. "Huyu ndiye mkwe?"

"Hapana. Ni abiria tuliyekaa naye."

Muuza vipuri alirudi kwa basi, kiti cha nyuma, akiwa na saa kumi na mbili za kutafakari kwamba kweli njia ya mwongo ni fupi.