Mbuzi wa Bi Mbalwe na Ramani ya Daktari

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kwa sababu magari yalikuwapo na virusi vilikwisha kupewa majina, palikuwa na mhadhiri wa chuo cha mifugo aliyeitwa Daktari Mwasandube. Kazi yake ilikuwa kutafuta virusi vinavyoua mbuzi. Alikwenda zizi hadi zizi akichukua damu, na kila muhula aliwaambia wanafunzi wake jambo lile lile: kabla ya kuingia zizini, chovya viatu kwenye ndoo ya dawa.

Mwenyewe alichovya. Jioni mkewe aliviosha tena viatu hivyo vya mpira mlangoni, akisema, "Baba Atupele, mbuzi zako ziishie nje." Kisha mkewe alifariki. Tangu hapo viatu vilitegemea ndoo peke yake.

Siku moja alifika katika kijiji cha wafugaji, akaanzia kwa Mzee Chilongani. Asubuhi hiyo mzee alikuwa amewatoa zizini mbuzi wawili wagonjwa na kuwafungia jikoni. Kikohozi kikasikika.

"Nani anaumwa?" aliuliza Daktari.

"Mke wangu. Kifua."

Daktari hakuuliza zaidi. Alimwachia chupa yake mwenyewe ya dawa ya kikohozi.

Akakagua zizi walimotolewa wale wawili, akachovya viatu, akaenda kwa jirani. Akachovya, akaenda kwa jirani wa pili. Akachovya, akafika kwa Bi Mbalwe, aliyemlea mjukuu asiye na mama kwa maziwa ya mbuzi mmoja. Daktari alitaka kusimama nje.

"Kwetu, anayekagua mfugo akiwa nje ya zizi ameudharau," alisema Bi Mbalwe. "Ingia, mwanangu. Mshike mgongo."

Akaingia, akamshika mgongo.

Mbuzi wakaanza kufa. Daktari aliitwa, akachukua damu ya mbuzi wa Bi Mbalwe kabla hajakata roho. Humo akakipata kirusi. Akachora ramani ya ugonjwa ulivyosambaa. Chuoni wakapiga makofi, akawa Profesa. Chanjo ikatengenezwa, na mbuzi wa vijiji vingi wakanusurika.

Akarudi kijijini kuwaonyesha wenyeji ramani yake. Akaichora kwenye ubao wa shule: kwa Chilongani, kwa jirani, kwa jirani wa pili, kwa Bi Mbalwe. Chaki ikasimama.

"Jamani," alisema polepole, "hii ni njia niliyopita mimi."

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji akasema mtu mmoja atoe mbuzi wa maziwa kwa ajili ya mjukuu wa Bi Mbalwe. Mmoja tu, maana wakichangia hakuna atakayejiona mkosaji.

Shemboko, dereva wa Daktari, akasimama. "Dawa niliimalizia kuoshea gari. Mkuu wa chuo hataki kuona matope. Kwenye ndoo nikaweka maji. Lakini mimi sikukanyaga zizi la mtu."

Mzee Chilongani akasimama. "Niliwaficha, kweli. Wakwe walikuwa njiani na mbuzi wa mahari. Wangesikia ugonjwa wangegeuza. Na mbuzi hao wa mahari wamekufa wote, mnataka adhabu gani tena? Halafu wagonjwa wangu walibaki jikoni. Waliotembea ni viatu."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka.

"Dawa ile ina harufu," alisema. "Ningeinama, ningejua ni maji. Sikuinama. Lakini chanjo imetoka katika damu ya mbuzi wa Bi Mbalwe. Bila yeye wangekufa wengi zaidi."

"Hiyo chanjo yako inakamuliwa?" aliuliza Bi Mbalwe.

"Na wewe, mama?" Chilongani akamgeukia. "Mwenzio alitaka kubaki nje. Nani alimwita ndani?"

Mgongoni kwa Bi Mbalwe mtoto aliamka, akaanza kulia kwa njaa. Mwenyekiti akawatazama wote, kisha akatazama ubao, ambao hakuna aliyeufuta.

Basi, nyinyi mliosikia, semeni upesi, mtoto analia. Dereva aliyeosha gari, mzee aliyeficha, Profesa ambaye hakuinama, au bibi aliyekaribisha mgeni: je, nani alistahili kumtoa huyo mbuzi?