Jiwe Lililorudi Chini ya Tairi

Jiwe la tairi halijengi nyumba. Ndivyo mlivyomsikia mama yake Mbazi akimwambia mwanawe sokoni asubuhi, mkarudi mnacheka, mnaniuliza jiwe na tairi vimeingiaje kwenye habari za duka. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, mikono haina haja ya kunisikiliza. Msemo huu hautoki kwa wahenga wa kale. Nilikuwapo ulipozaliwa, na ulizaliwa namna hii.

Wakati huo nilikuwa mtu wa kutembea. Nilikuwa nimetoka mashamba ya mkonge, nimechoka na jua la bondeni, nikapanda milima ya Upare kwa sababu nilisikia huko kuna baridi na maharage. Nikapata kibarua cha kubeba mchanga kwa mtu mmoja aliyeitwa Safieli Mgonja. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Alikuwa na kazi mbili na mikono miwili, na kila kazi ilitaka mikono yote.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba. Mji wake ulikuwa kwenye mteremko mkali. Chini kabisa alikaa mama yake, Bibi Namkunda, katika nyumba ya udongo iliyoinama mpaka ukuta wa nyuma ukawekewa nguzo. Kila mtu aliyeiona alisema hiyo haitavuka masika mengine. Safieli akaapa kwamba mvua zijazo zitamkuta mama yake chini ya bati, ndani ya kuta za mawe. Akasawazisha kiwanja huko juu, karibu na barabara, akaanza.

Kazi ya pili ilikuwa pikapu. Ilikuwa kuukuu, kutu imeila mpaka ukikaa ndani unaona majani chini ya miguu. Aliikuta imetupwa kwenye mashamba alikofanya kazi, wakamwachia aichukue, akaivuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani. Alitaka kuifufua ibebe mchanga na mabati ya nyumba hiyo hiyo. Akaiegesha kando ya kiwanja kipya, pua imetazama barabara, mkia umetazama bondeni. Na ukisimama penye mkia ukatazama chini, kitu cha kwanza kukiona ni moshi wa jiko la Bibi Namkunda.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi. Mbao za ubavuni mwa pikapu zilipohitajika kwa fremu za madirisha, alizing'oa. Bati la jikoni lilipohitajika kuziba sakafu ya pikapu, alilikata. Giaboksi aliishusha aitengeneze, ikabaki imelala juu ya gunia kama ndama mgonjwa. Breki alizifungua azisafishe, akaitwa kiwanjani, hakurudi tena. Waya wa breki ya mkono ndio uliofunga jukwaa la fundi. Mkewe, Nakijwa, alimwambia anamvua mtoto mmoja ili amvike mwingine, na wote wawili wanapiga chafya. Safieli akacheka. Alikuwa anampenda sana mkewe, ila hakuwa na muda wa kumsikiliza.

Basi gari lile halikuwa na breki wala gia. Kilicholizuia pale juu ni jiwe moja tu, nyuma ya tairi. Jiwe zito, la kubebwa na watu wawili, upande mmoja bapa kama meza. Safieli mwenyewe ndiye aliyeliweka.

Siku ya msaragambo ikafika. Nyinyi hamkukulia kule, kwa hiyo niwaeleze. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima. Baragumu hupigwa alfajiri, kila nyumba hutoa mtu, na leo wanakujengea wewe, kesho watamjengea mwingine. Katika kilima kile walikuwa na desturi yao. Mtu hafiki kwenye msaragambo wa ujenzi mikono mitupu. Njiani anaokota jiwe, hata kama ni la ukubwa wa yai, anakuja nalo. Kwa hiyo kabla jua halijachomoza vizuri, vijia vyote vilikuwa vimefagiwa. Lundo kiwanjani likawa refu kuliko mtu, na kilima kikabaki uchi. Kumbukeni hilo.

Fundi alikuwa mzee mmoja mwembamba aitwaye Kibacha. Alikuwa na majivuno yake, na alistahili kuwa nayo. Msemo wake ulikuwa kwamba jiwe alilolilaza yeye halitoki, na asiyeamini akaulize kanisa alilolijenga. Akazunguka lundo, akagonga hili kwa nyundo, akapindua lile, akatikisa kichwa. Alitaka jiwe la pembe, lenye upande bapa, la kubeba kona yote ya upande wa bondeni. Halikuwapo. Watu wakaanza kusimama bila kazi, na mnajua kazi ya watu wengi ikisimama huwa ngumu kuanza tena.

Safieli akatazama huku na huku, macho yakatua penye tairi.

"Lipo," akasema.

Nakijwa alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akasimama. "Baba Eliya, hilo lina kazi."

"Lilikuwa na kazi. Gari hili limelala hapa tangu masika, matairi yamejichimbia vishimo. Limeshazoea."

Hapo jirani yao mmoja, Kiondo, akaingilia. Kiondo alikuwa mtu wa mzaha kuanzia asubuhi mpaka anapolala, na nadhani hata usingizini. Akasema, "Gari nalo huzoea? Basi nipeni hilo gari, niwape mbuzi wangu. Yeye mpaka leo hajazoea kamba."

Watu wakacheka. Kibacha hakucheka. Alikwenda akaligonga jiwe lile kwa nyundo, likalia kama kengele, nami nikaona jicho lake lilivyong'aa. Akasema ni jiwe zuri, amelitamani tangu siku ya kwanza. Nakijwa alibaki amesimama na ndoo yake, kisha akaenda zake.

Wakalivuta jiwe polepole, sote tumeshikilia gari. Lilipotoka, gari halikutikisika. Safieli akalipiga tairi teke mara mbili, akafungua mikono kama mtu anayesema, mmeona? Tukarudi kazini. Jiwe likalazwa kwenye kona, likamwagiwa saruji, na juu yake zikapanda safu nyingine. Ilikuwa kona nzuri. Kibacha alikuwa akirudi nyuma kuitazama kila baada ya muda, kama mtu mwenye mchumba.

Pipa la maji ya ujenzi lilikuwa limewekwa juu ya pikapu, upande wa mkia, ili maji yateremke kwa mpira mpaka kwenye saruji. Wanawake walileta maji kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, wakamimina. Kila mmoja akimimina, gari linaongezeka uzito. Sisi hatukuliona hilo. Tulikuwa tunaona ukuta.

Nakijwa peke yake alikuwa akipita anatazama chini. Adhuhuri alifika na ndoo, akainua mikono amimine, akaishusha ndoo chini. Mbele ya tairi palikuwa na nyasi za manjano, zimelala, zimebanwa ardhini kama nywele chini ya kilemba. Nyasi hizo hazikupaswa kuonekana. Zilikuwa chini ya tairi asubuhi.

Hakupiga kelele. Aligeuka kuelekea kiwanjani, akaita, "Safieli."

Tangu nifike pale sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Mke wa kule hamwiti mumewe hivyo, humwita kwa jina la mtoto. Safieli alikuwa juu ya jukwaa. Aliposikia jina lake hakuuliza kitu, aliruka.

Tulimfuata. Tulipofika, gari lilikuwa linatoka kwenye kile kishimo lilichodaiwa kukizoea, taratibu kabisa, bila sauti. Tukaingia nyuma ya mkia, mabega kwenye bodi, visigino ardhini. Likasimama. Ila kusimama kwenyewe kulikuwa juu ya mifupa yetu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nami nilihisi goti langu likiniambia halina muda mrefu.

Huko chini moshi wa jiko ulikuwa unapanda kama kawaida. Bibi Namkunda alikuwa anawapikia watu wa msaragambo.

Mmoja akataka kupanda akalipindue pipa. Kibacha akamkataza. "Maji yakimwagika hapa, miguu yote hii inateleza. Acha. Leteni jiwe."

Watu wakatawanyika kutafuta jiwe. Walikimbia juu, wakakimbia chini, wakainama, wakainuka mikono mitupu. Kilima kizima hakikuwa na jiwe. Yote tuliyaokota sisi wenyewe alfajiri, kwa heshima, na yote yalikuwa ukutani. Yaliyobaki kwenye lundo ni vijiwe vya kujazia, vya ukubwa wa ngumi. Wakavitupa chini ya tairi, tairi likavikanyaga kama karanga. Mtu akaleta mti wa jukwaa, akauchomeka. Ukapasuka, gari likashuka hatua moja pamoja nasi.

Safieli akasema kwa meno yaliyobana, mtu aende amtoe mama. Aliyekuwa karibu na njia ni Kiondo. Akateremka mbio.

Na hili nililisikia baadaye, lakini niliweke mahali pake. Kiondo alifika mlangoni akihema, akamwambia Bibi Namkunda atoke, gari linakuja. Bibi akaendelea kukoroga makande. Akamwambia, "Mwanangu Kiondo, wiki iliyopita ulikuja kuniambia simba yuko chooni. Kawaambie wenzako chakula hakijaiva, wasikutume." Kiondo akaapa, bibi akacheka. Akamshika mkono, bibi akamchapa kwa mwiko. Miguu yake ilikuwa mibovu, lakini mkono ulikuwa mzima.

Huko juu tulimwona Kiondo akiingia, na hatukuona mtu akitoka.

Safieli alikuwa kando yangu, shavu lake limebanwa kwenye bodi. Akamwambia Kibacha, "Fundi. Bomoa."

Kibacha alisimama na mtaimbo mkononi. Nilimwona akitazama kona yake. Najua ilikuwa pumzi moja tu, ila sisi tuliobeba gari tuliiona ndefu. Kisha akauinua mtaimbo akaupiga kwenye saruji mbichi, chini, penye jiwe la pembe. Akapiga tena. Safu za juu zikaanguka miguuni pake, kona yote ikafunguka kama mdomo wa mzee asiye na meno. Nakijwa alikuwa tayari amepiga magoti kwenye kifusi, anafukua kwa mikono. Wakalivingirisha wawili, yeye na fundi, saruji inawadondoka. Gari lilikuwa limeanza safari yake tena, sisi tunaburuzwa, visigino vinachora mifereji kwenye udongo.

"Fungueni miguu," Nakijwa akasema.

Tukafungua. Jiwe likapita katikati yetu, upande bapa chini, likaingia nyuma ya tairi. Gari likalipanda kidogo, kama linalipima. Likarudi. Likakaa.

Hakuna aliyeondoa bega lake kwa muda. Hatukuamini. Kisha mmoja mmoja tukakaa chini pale pale, na Safieli akakaa wa mwisho.

Ndipo Bibi Namkunda alipopanda, amemwegemea Kiondo, mwiko bado mkononi. Alikuja kushtaki mzaha wa Kiondo. Akaona kona imebomoka, akauliza ni mlevi gani aliyemvunjia nyumba. Akaona mifereji ya visigino. Akaifuata kwa macho mpaka kwenye jiwe, akaona saruji mbichi juu yake. Kisha akageuka polepole, akatazama njia yote ya kuteremka mpaka penye paa lake.

Safieli aliinuka pale chini.

"Safieli mwanangu," bibi akasema, "ulikuwa unatafuta jiwe la kushika nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Si lilikuwa limeishika."

Akarudi kwenye makande yake, Kiondo nyuma yake, amembebea mwiko.

Kibacha aliliendea jiwe, akachuchumaa, akaanza kulikwangua saruji kwa mwiko wake wa ujenzi, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Ndiye aliyetamka, bila kumtazama mtu, "Jiwe la tairi halijengi nyumba." Tukaliokota neno lile. Msaragambo uliofuata lilikuwa limeshafika kijiji cha pili, na nilipoteremka milima ile nililikuta mbele yangu njiani.

Tangu siku hiyo Safieli alimaliza jambo moja ndipo akagusa lingine. Alirudisha breki kwanza. Waya ulifunguliwa kwenye jukwaa, na jukwaa likafungwa kwa kamba za mkonge. Jiwe la pembe lilitoka mtoni, na ukiitazama kona ile utaona safu zimepinda kidogo. Kibacha hakupenda kuonyeshwa. Pikapu ndiyo iliyoleta mabati, na masika yalimkuta Bibi Namkunda ndani, analalamika kwamba bati lina kelele. Nyumba ya zamani ilianguka mvua za kwanza, haina mtu.

Sasa rudini kwa Mbazi. Kule nyumbani kwao bibi yao amelala kitandani, hawezi kujigeuza. Anayemgeuza, anayemlisha, anayeamka naye, ni dada yake Mbazi, Nietiwe. Mbazi amefungua duka mjini na anataka mtu mwaminifu wa kulikalia. Amemtazama Nietiwe, akaona hana kazi, amekaa tu nyumbani. Akasema bibi ameshazoea hali yake.

Mama yake akamjibu mliyoyasikia. Jiwe la tairi halijengi nyumba.

Mbona mmeacha kupukuchua?